Unapokwama kwenye kitenzi "tener": dalili, vyanzo na tiba

Mwongozo huu unawahusu wanaojifunza Kihispania mjini Kigoma, hasa vijana wanaoongoza wageni kwenda Gombe na Mahale, wahudumu wa hoteli za kando ya ziwa, na yeyote ambaye amekwisha kupita hatua ya salamu na sasa amekwama kwenye kitenzi "tener", yaani "kuwa na". Ni vigumu kuzungumza na mgeni hata kwa dakika tano bila kukihitaji kitenzi hiki, kwa kuwa umri, njaa, kiu, baridi, hofu, haraka, watoto, tiketi na wajibu vyote hupitia humo. Bahati mbaya, kitenzi chenyewe ni mojawapo ya vitenzi vya Kihispania vinavyobadilika umbo bila kufuata kanuni ya kawaida.

Wanafunzi wengi wakikosea hurudi kwenye jedwali na kulikariri upya tangu mwanzo. Mimi nashauri vingine. Kosa la "tener" lina chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho hakimo katika kumbukumbu hafifu bali kimo katika Kiswahili chetu, au katika Kiingereza tulichotumia kujifunzia, au katika Kifaransa ambacho wengi wa hapa Kigoma wamekipata kwa majirani wa Burundi na Kongo. Aliyekwisha kujua kosa lake linatoka wapi hana haja ya kukariri tena mambo ambayo tayari anayajua. Tafuta basi dalili inayokuhusu na uanzie hapo.

Jambo moja tu ndilo la kulishika kabla ya kuendelea. Maumbo yote ya kitenzi hiki yamejengwa juu ya mashina matano: "ten-" (tenemos, tenía, tenido), "teng-" (tengo, tenga), "tien-" (tienes, tiene, tienen), "tuv-" (tuve, tuvo, tuviera) na "tendr-" (tendré, tendría). Unapokosea, jiulize kwanza umechukua shina lipi na ulipaswa kuchukua lipi.

Msikilizaji hajui unamzungumzia nani

Unamuuliza kijana mwenzako kutoka Uhispania kama ana njaa, naye anageuka kutazama nyuma, akidhani unamuulizia mtu mwingine. Ulikusudia "¿Tienes hambre?", kinywani kikatoka "¿Tiene hambre?".

Chanzo chake ni kirefu kuliko kinavyoonekana. Katika Kiswahili nafsi hukaa mbele: nina, una, ana, tuna, mna, wana. Sikio letu limezoea kuinasa silabi ya kwanza, na likishaipata limepata habari yote, kwa kuwa "-na" inayofuata haibadiliki. Katika Kihispania habari hiyo hiyo hukaa mwishoni: tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen. Juu ya hilo, maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi wetu ama huiacha "s" na "n" ya mwisho, ama huiongezea irabu tukasema "tienesi" na "tieneni". Ukiidondosha herufi hiyo moja, maumbo matatu tofauti, yaani "tiene", "tienes" na "tienen", hugeuka kuwa umbo moja.

Tiba ni ya sikio kabla ya kuwa ya kinywa. Mwenzako asome maumbo hayo matatu kwa kuyachanganya, nawe ujibu kwa kiambishi cha Kiswahili peke yake: "u", "a", "wa", "a", "u". Usijibu kwa Kihispania. Zoezi hili linaonekana dogo mno kiasi cha wengi kulidharau, lakini ndilo linalolifundisha sikio kuhamia mwishoni mwa neno. Baada ya hapo ndipo mbadilishane, na kila "s" na "n" itamkwe kikamilifu bila kuburutwa.

Kuna dalili ndogo inayofuatana na hii. Mwanafunzi hutanguliza "yo", "tú" au "él" kila mara, kwa kuhofia kwamba kitenzi peke yake hakitoshi. Hiyo ni athari ya Kiingereza. Sisi hatusemi "mimi nina" isipokuwa tunapotaka kusisitiza, na Kihispania kinakwenda hivyo hivyo: "tengo" inatosha.

Unasema "teno", "tieno" au "tienemos"

Hapa shina limekosewa. "Teno" hutoka kwa anayedhani kitenzi ni cha kawaida. "Tieno" hutoka kwa aliyekwisha sikia "tienes" akalisambaza shina hilo kila mahali. Na "tienemos" ina chanzo hicho hicho.

Kanuni inayotawala ni ya mkazo. Katika Kilatini, lugha ambayo Kihispania kimetokana nayo, irabu "e" iliyokuwa fupi ilipobeba mkazo iligeuka kuwa "ie", na pasipo mkazo ilibaki "e". Ndiyo maana tunapata TIE-ne, lakini te-NE-mos. Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na maumbo yote sita ya wakati uliopo hufuata desturi hiyo isipokuwa "tenéis" peke yake. Yatamke kama unavyotamka Kiswahili, halafu usikilize uzito umeangukia wapi: ukiwa juu ya shina, weka "ie", ukiwa juu ya mwisho wa neno, acha "e". "Tengo" pekee ndiyo inayokataa, kwa kuwa imeingiza "g" na kuibakiza "e" ingawa ina mkazo. Ishike pamoja na wenzake wanaofanya vivyo hivyo: "vengo" (ninakuja), "pongo" (ninaweka) na "salgo" (ninatoka).

Unatoa onyo, mgeni anaendelea kutembea

Dalili hii naipa uzito kuliko nyingine, kwa kuwa inahusu usalama wa watu. Kiongozi yuko msituni Gombe na kundi lake, sokwe dume anashuka kwa kishindo kuelekea njiani, naye anataka kusema "muwe waangalifu". Anasema: "Tienen cuidado." Kwa sikio la Mhispania hiyo ni taarifa tu, kana kwamba amesema "wana uangalifu" au "mna uangalifu". Hakuna anayesimama.

Alilopaswa kusema ni "Tengan cuidado". Kiswahili kinaijua tofauti hii vizuri sana: "mnasoma" ni taarifa, "msome" ni agizo au matakwa, na kinachobadilika ni irabu ya mwisho. Kihispania pia hubadilisha irabu ya mwisho, ila kwa "tener" hubadilisha na shina. Njia ya kufika huko ni fupi: chukua "tengo", ondoa "o", weka "a". Utapata tenga, tengas, tenga, tengamos, tengáis, tengan. Hakuna ubaguzi ndani ya orodha hiyo.

Kwa anayefanya kazi na wageni, maneno manne yafuatayo yanapaswa kutoka kinywani bila kufikiri: "Tengan cuidado" (muwe waangalifu), "No tengan miedo" (msiogope), "Mantengan la distancia" (muwe mbali kiasi kinachotakiwa) na "Deténganse" (simameni). Mawili ya mwisho yanatokana na "mantener" na "detenerse", ambavyo ni vitenzi vilivyozaliwa na "tener" na hugeuka kila inapogeuka. Kwa hiyo aliyeishika "tengo" ameshika pia mantengo, detengo, obtengo, contengo na sostengo bila gharama ya ziada. Na anayeandika "obtenió" ana ugonjwa ule ule wa "tenió" nitakaoueleza hapa chini.

Ukizungumza na mtu mmoja ambaye ni rafiki, agizo ni "Ten cuidado", neno fupi lisilo na mwisho wowote. Katika kukataza, hata hivyo, hurudi kwenye shina la "teng-": "No tengas miedo." Wengi husema "No ten miedo" kwa kudhani kwamba "no" inatosha kukanusha, jambo lisilostahili kutokea kwetu, maana katika Kiswahili pia "soma" haikanushwi kwa kutanguliza neno tu bali hugeuka kuwa "usisome".

"Tenió", "tenieron", "tuvó"

Wakati uliopita uliokamilika hutumia shina "tuv-": tuve, tuviste, tuvo, tuvimos, tuvisteis, tuvieron. Anayesema "tenió" hajafika kwenye shina. Anayesema "tuvó" amefika, lakini amebeba mkazo wa "comió" na "habló" akauweka pasipohusika. Katika familia hii mkazo wa "tuve" na "tuvo" hubaki kwenye shina, na hakuna umbo linaloandikwa alama ya mkazo. Jifunze pamoja "tuve", "estuve" (nilikuwa mahali) na "anduve" (nilitembea), kwa kuwa zinafanana sauti na miisho.

Waliojifunza kwa kusikiliza huandika "tubo". Katika Kihispania herufi "b" na "v" hutamkwa sawa, na "tubo" ni neno kamili lenye maana ya bomba. Tiba ni kuandika kwa mkono, hakuna nyingine.

Hujui uchague "tuve" au "tenía"

Hapa ndipo penye kazi. Kiswahili husema "nilikuwa na" kwa yote mawili, kwa hiyo anayetafsiri kutoka kichwani hana cha kumwongoza, na huishia kuchagua umbo lililo jepesi kulitamka.

"Tenía" hueleza hali iliyokuwapo, bila kusema ilianza lini wala iliisha lini. "Tuve" hueleza tukio: jambo lilitokea, likapatikana, likapita. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: ondoa "nilikuwa na" katika sentensi yako, weka "nilipata" au "nilipatwa na". Ikiwa maana uliyokusudia imebaki, andika "tuve". Ikiwa imeharibika, andika "tenía". "Nilipata wazo" ni sentensi nzuri, basi "tuve una idea". "Nilipata miaka ishirini nilipofika Kigoma" si sentensi, basi "tenía veinte años". Umri uliokuwapo wakati wa tukio fulani ni wa "tenía" siku zote. Kwa hiyo: "Jane Goodall tenía veintiséis años cuando llegó a Gombe en 1960", na kwa anayewapeleka wageni Ujiji, "Livingstone tenía cincuenta y ocho años cuando Stanley lo encontró en 1871". Lakini tunapotaja uzazi wa sokwe maarufu wa Gombe, ambao ni tukio, tunasema "Flo tuvo una hija, Fifi".

Tazama sasa kifungu kilichotoka katika daftari la kijana mmoja anayevusha wageni kwa boti kutoka Kibirizi:

"Ayer tenía un grupo de España. Una señora tuvo sesenta años y tuvo miedo. Yo tenía que esperar mucho. Al final tenieron suerte."

Alitaka kusema kwamba jana alipata kundi kutoka Uhispania, mama mmoja alikuwa na miaka sitini na aliogopa, yeye alilazimika kusubiri sana, na mwishowe walikuwa na bahati. Katika sentensi ya kwanza kundi lilipatikana na likahudumiwa, kwa hiyo ni "tuve un grupo". Akiandika "tenía" msomaji atasubiri kuelezwa kilichotokea kundi hilo likiwa naye. "Tuvo sesenta años" ni kosa la wazi, kwa kuwa ni umri: "tenía". "Tuvo miedo" si kosa la sarufi, na hapa ndipo panapohitaji busara, kwani maana yake ni kwamba hofu ilimwingia ghafla, tuseme wimbi lilipopiga ubavu wa boti. Kama mama yule alikuwa mwoga tangu ufukweni hadi mwisho wa safari, "tenía miedo" ndiyo sahihi. Mwandishi peke yake ndiye anayejua.

Sentensi ya kusubiri ni ya kuangaliwa zaidi. "Tenía que esperar" inasema alikuwa na wajibu wa kusubiri, ila haisemi kama alisubiri kweli. "Tuve que esperar" inasema alilazimika na akasubiri. Kwa kuwa alisubiri, ni "tuve". Na "tenieron", kama tulivyokwisha kuona, ni "tuvieron".

"Teneré mañana"

Wakati ujao huchukua shina "tendr-": tendré, tendrás, tendrá, tendremos, tendréis, tendrán. Zamani Wahispania waliunganisha kitenzi kizima na umbo la "haber", "tener he", kisha irabu ya katikati ikapotea na "d" ikaingia kati ya "n" na "r" ili kurahisisha matamshi. "Vendré", "pondré" na "saldré" zilipita njia hiyo hiyo. Angalizo langu ni kwenye mkazo: ulimi wa Kiswahili husema TEN-dre, wakati uzito unatakiwa kwenye silabi ya mwisho. Maumbo ya "tendría" (ningekuwa na) hutumia shina hili hili.

Umesema "no tengo que" ukimaanisha "sina budi"

Kosa hili ni letu sisi wenye Kiswahili, wala halimo katika vitabu vya sarufi vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza. "Tener que" pamoja na kitenzi kingine hueleza wajibu: "Tengo que salir" ni "lazima niondoke". Sisi husema pia "sina budi kuondoka", na mwanafunzi akiiona "si-" ya kukanusha huandika "No tengo que salir". Maana imepinduka: sasa amesema kwamba si lazima aondoke. Nahodha anayetaka kuwaambia abiria "hatuna budi kurudi kabla ziwa halijachafuka", kisha akasema "no tenemos que volver", atawaona wakirudi majini kuogelea kwa amani.

Tiba ni kuigeuza kwanza "sina budi" kuwa "lazima" kabla ya kuvuka kwenda Kihispania. Anayeipenda sura ya kukanusha anayo njia halali pia: "No tengo más remedio que salir" inakaribia "sina budi" kwa maana na kwa umbo. Wala usitumie "no tienen que" kwa kukataza. "No tienen que dar comida a los chimpancés" husikika kwanza kama "si lazima muwape sokwe chakula". Katazo ni "No deben dar comida" au, kwa ukali zaidi, "No den comida".

"Tiene barcas en Kibirizi"

Mgeni atauliza: nani anazo? Ulikusudia "Kibirizi kuna boti". Chanzo ni "-na" yetu, ambayo hukaa katika "ana" na katika "kuna" kwa umbo moja, ilhali Kihispania hutumia vitenzi viwili. Ukiona kiambishi cha mahali, yaani ku-, pa- au m- ya ndani, tumia "hay": "Hay barcas en Kibirizi." Ukiona mwenye kitu, hata kama ni chombo kisicho na uhai, tumia "tener": "El Liemba tiene más de cien años" (meli ya Liemba ina zaidi ya miaka mia moja). Neno "hay" halibadiliki kwa wingi.

"Hay" ni umbo la "haber", na kitenzi hicho ndicho pia kinachounda "nimekula": "he comido". Wanaotoka upande wa Kifaransa huandika "tengo comido", kwa sababu "avoir" kwao hufanya kazi zote mbili.

Njaa sana, baridi, furaha

Ukisema "estoy hambre", umefikiri kwa Kiingereza. Rudi nyumbani: nina njaa, "tengo hambre", nina kiu, "tengo sed", nina usingizi, "tengo sueño", nina haraka, "tengo prisa", nina bahati, "tengo suerte". Kiswahili kinatubeba mpaka hapo, kisha kinatuacha. Tunasikia baridi na joto, Wahispania wanavyo: "tengo frío", "tengo calor". Sisi tuna furaha, huzuni, hasira na uhakika, wao huvieleza kwa "estar": "estoy contento", "estoy triste", "estoy enfadado", "estoy seguro". Mwanamke atasema "contenta", "enfadada" na "segura".

"Njaa sana" haiwi "muy hambre". Njaa ni nomino, nayo hupewa wingi: "mucha hambre", "mucha sed", "mucho sueño", "mucho frío".

Jibu lako linasikika limekatika

"¿Tiene la entrada?" Ukijibu "Sí, tengo", kuna kitu kimepungua. Katika Kiswahili hatujibu "ndiyo, nina", bali "ndiyo, ninayo". Ile "-yo" ndiyo "la" ya Kihispania: "Sí, la tengo." Kwa nomino za kiume ni "lo tengo", na kwa wingi "los tengo" au "las tengo".

Maumbo yanayoonekana kuwa makosa na si makosa

Mgeni kutoka Buenos Aires akikuambia "vos tenés", usimsahihishe. Argentina, Uruguay na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati husema hivyo kwa rafiki, mkazo ukiwa mwishoni. Mhispania akiwaambia kundi lake "tenéis", hiyo ni nafsi ya pili wingi inayotumika Uhispania. Nchi za Amerika husema "ustedes tienen" kwa marafiki na kwa wakubwa sawasawa. Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika iliyopata uhuru kutoka Uhispania mwaka 1968 na ambako Kihispania ni lugha rasmi, huyachanganya maumbo haya mawili.

Kwa kazi ya hapa Kigoma nashauri mwanafunzi aanze kusema "ustedes tienen" kwa kundi lolote, maana hueleweka kote, na "tenéis" na "tenés" azielewe tu anapozisikia. Kwa mtu mzima mmoja ambaye ungemwamkia shikamoo kama angekuwa mwenyeji, tumia "usted", na kitenzi kiwe "tiene": "¿Tiene usted sed, señora?"